Beringi za Nyuma za Land Rover ya Zamani: Lipia Nini, Acha Nini

Beringi ya gurudumu la nyuma ikianza kuunguruma kwenye Land Rover Defender ya miaka ya 90, mwenye gari anaweza kutajiwa bei nne kwa siku moja. Kuna duka lenye beringi ya bei ya kutupa isiyo na jina. Kuna lenye boksi la nembo ya gari, na bei yake inatisha. Kuna fundi mwenye beringi "iliyotumika kidogo tu". Na kuna mtu wa kukuagizia Uingereza. Zote nne zinaingia kwenye habu ileile, na siku ya kwanza zote zinazunguka bila kelele.

Msimamo wangu nautoa mapema, maana gari limekwama na unahitaji kuamua. Nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye beringi yenyewe, ndani ya boksi la kiwanda cha beringi kinachojulikana. Nembo ya gari usiilipie. Kiasi utakachookoa kipeleke kwenye sili nzuri na kwa fundi mwenye subira. Beringi ya mtumba iache, hata ukipewa bure.

Kabla ya kufungua pochi, hakikisha kwanza kwamba ni beringi kweli. Matairi ya matope yaliyolika vibaya huunguruma karibu sawa na beringi iliyokufa. Hamisha matairi ya nyuma yaende mbele, kisha pita barabara ileile kwa mwendo uleule. Kelele ikihamia mbele, umeokoa pesa yote na umepoteza jasho tu. Difu nayo ina sauti yake: hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Beringi haijali mafuta wala gia. Inafuata mwendo wa gari, na mara nyingi huongeza kelele ukikata kona, kwa sababu uzito unahamia upande mmoja.

Halafu inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha breki inapokanyagwa, umetoka kwenye beringi. Ukibaki vilevile, tafuta penye bushi zilizokwisha au nati za rimu zilizolegea. Mwisho, weka kiganja kwenye springi ya koili huku mwenzako akizungusha gurudumu taratibu. Beringi iliyochubuka huisikii kwa sikio tu, unaisikia mkononi, kama mchanga unaosagwa.

Hapa kuna hatari ambayo watu wengi waliozoea magari mengine hawaijui. Hendibreki ya Defender haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Ukishainua gurudumu moja la nyuma, difu inaliachia gari libingirike hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Ukichomoa hafu shafti, hali ni ileile. Weka vigingi au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, pande zote mbili, kabla jeki haijapanda. Hili halina gharama yoyote, na ni sharti.

Ukikuta mchezo lakini gurudumu linazunguka laini bila ukwaruzi, huenda huhitaji beringi mpya kabisa. Kwenye Defender nyingi za zamani beringi hufungwa kwa nati mbili: ya ndani ya kurekebisha, ya nje ya kuzuia, na katikati kuna washa yenye masikio ya kukunja. Nati hulegea kidogo kadiri beringi inavyozeeka. Fundi anafungua, anakaza ya ndani huku habu ikizunguka, anairudisha nyuma kidogo ibaki nafasi ndogo sana ya kupumua, anaweka washa mpya na kufunga. Unalipa kazi, washa na gasketi ya flanji, basi. Gereji isiyoitaja njia hii na kukimbilia moja kwa moja kwenye kubadilisha kila kitu, iulize kwa nini.

Tuseme sasa imethibitika kwamba beringi imekufa. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kampuni ya Land Rover haikuwahi kuwa kiwanda cha beringi. Ilinunua beringi za konzi (rola ndogo za chuma zilizochongoka), zenye koni na kikombe chake, kwa vipimo vya kawaida vya viwandani. Namba ya spea kwa gari ni RTC3429, lakini kwenye chuma chenyewe kuna namba mbili za kiwandani: LM603049 kwenye koni na LM603011 kwenye kikombe. Tundu lake ni milimita 45.24, kipenyo cha nje milimita 77.79. Namba hizo hutumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo si lazima uende duka la spea za Land Rover. Duka linalouza beringi za mashine za kusaga, matrekta na matela linaweza kuwa nayo kwenye shelfu.

Uzuri mwingine ni kwamba namba hiyohiyo hukaa ndani na nje ya habu, na hutumika mbele na nyuma. Kila gurudumu linabeba mbili, nyuma nzima nne, gari zima nane. Discovery ya kwanza na Range Rover ya mtindo wa zamani hutumia hiyohiyo. Hata hivyo, gari la miaka thelathini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na ekseli nyingi zimebadilishwa njiani. Fungua kwanza, futa grisi, soma namba, piga picha kwa simu, ndipo uende dukani. Anayenunua kwa kusema "nipe ya Defender" anampa muuzaji nafasi ya kuchagua kwa niaba yake.

Ubora sasa. Boksi lenye nembo ya gari kwa kawaida huuzwa mara mbili hadi tatu, wakati mwingine zaidi, ya boksi la kiwanda cha beringi kinachojulikana. Unacholipia zaidi ni uhakika kwamba namba ni sahihi na kwamba mtu fulani ameikagua. Ukishasoma namba mwenyewe, uhakika huo umeupata bure. Kwa hiyo boksi la nembo nalitoa kwenye orodha, isipokuwa kama duka la pekee lililo karibu lina hilo tu na gari lazima liondoke kesho alfajiri.

Beringi ya kiwanda kinachojulikana ndiyo ninayoipendekeza. Chuma chake kimepikwa sawasawa, konzi zake zina urefu na unene mmoja, na kizimba kinachozishika hakilegei. Kwenye gari linalobeba mizigo nyuma na kupita makorongo, tofauti hiyo huonekana.

Ile isiyo na jina inadanganya kwa sababu inafanana kabisa. Zipo zinazodumu, sikatai. Shida ni kwamba huna namna ya kujua ipi ni ipi mpaka ufike njiani, na ubora wa boksi moja hauelezi chochote kuhusu boksi la pili kutoka shelfu hiyohiyo. Ningeikubali mahali pamoja tu: gari la shambani lisilotoka barabara kuu, ambalo mwenyewe unalifungua na hulipi fundi.

Halafu kuna bandia, na hii ni mbaya kuliko isiyo na jina, kwa kuwa unalipa bei ya ubora na kupata takataka. Beringi zinaghushiwa sana duniani hadi watengenezaji wakubwa, kupitia umoja wao wa kimataifa, wana kampeni maalumu ya kupambana na bandia. Boksi peke yake si ushahidi, maana boksi ndilo rahisi kuiga. Toa beringi nje. Angalia namba: ziwe zimechongwa kwa maandishi safi, yaliyonyooka, yenye kina kimoja, na koni na kikombe zitoke kwa mtengenezaji mmoja. Linganisha nchi iliyotajwa kwenye boksi na iliyotajwa kwenye chuma. Kagua alama za kusagwa upya au kung'arishwa, kwa sababu beringi za zamani husafishwa na kuchongwa jina jipya. Bei ikiwa karibu na ya isiyo na jina wakati jina ni kubwa, hiyo bei tayari imekupa jibu.

Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008. Lakini pasipo risiti huna pa kuanzia. Hapo ndipo gharama ya kwanza iliyofichwa inapojitokeza: muuzaji anakutajia bei, ukiomba risiti ya kodi bei inapanda kwa VAT, yaani asilimia 18 kwa Tanzania, 16 kwa Kenya. Swali lako la kwanza dukani liwe, "Hiyo ni bei pamoja na risiti?" Bei isiyo na risiti usiilinganishe na bei yenye risiti, kwa sababu ile ya kwanza haina marejesho, haina dhamana, na kesho muuzaji anaweza kusema hakufahamu.

Za mtumba nazimaliza kwa ufupi. Kwenye masoko ya spea kama Shaurimoyo pale Ilala jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka mjini Kampala utapata vitu vingi vya maana vilivyotumika: habu, stabu (mhimili unaobeba habu), dramu, hafu shafti. Beringi isiwe miongoni mwao. Koni na kikombe hulika pamoja na kuzoeana. Ukiziondoa na kuzifunga kwingine, mahesabu yake yote yameharibika. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali fundi akufungie koni mpya ndani ya kikombe cha zamani eti kikombe "bado kizuri" na kukitoa kunamchosha. Ukinunua koni umenunua na kikombe chake, na vyote viwili viingie.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako mahali pake. Tuchukue gurudumu moja, beringi mbili. Zisizo na jina: shilingi 20,000 kila moja, jumla 40,000. Za kiwanda kinachojulikana: 55,000 kila moja, jumla 110,000. Za boksi la nembo: 130,000 kila moja, jumla 260,000.

Juu ya hizo kuna gharama ambazo hazibadiliki hata uchague beringi gani: sili 15,000, washa na gasketi 10,000, grisi 12,000, fundi 60,000. Hizo ni 97,000. Kwa hiyo kazi nzima ni 137,000 kwa zisizo na jina, 207,000 kwa zinazojulikana, na 357,000 kwa za nembo.

Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni 70,000. Inauma, najua, hasa mwisho wa mwezi. Lakini zisizo na jina zikifa mapema mara moja tu, unalipa beringi tena, sili tena, washa tena, grisi tena, fundi tena, na jumla yako inafika 274,000. Umelipa 67,000 zaidi ya yule aliyenunua nzuri tangu mwanzo, na hapo bado hatujahesabu gari kulala njiani. Ukipata fundi anayekudai kidogo, au unafanya mwenyewe, hesabu inabadilika. Unapolipa kazi ya mtu, beringi rahisi haikuokoi.

Kwenye bei unayotajiwa kwa simu, sili ndiyo husahaulika. Fundi akisema "beringi ni kiasi hiki", uliza kama na sili imo. Sili ya habu ndiyo inayozuia grisi isitoke na oili ya difu isifike kwenye breki. Ya zamani ikitolewa huharibika, na haifai kurudishwa. Ni kijiduara cha mpira na bati ambacho bei yake ni ndogo ukilinganisha na beringi, na bado ndicho kinachoamua umri wa beringi hiyo. Ukipita mtoni habu ikiwa ya moto, ikapoa ghafla ndani ya maji, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Siku chache baadaye grisi inageuka rangi ya maziwa, na kutu inaanza kuchora konzi. Beringi nyingi zinazobadilishwa baada ya masika zimeuawa na sili.

Chunguza pia mahali sili inapokaa kwenye stabu. Kama kuna mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya itavuja hata iwe ya bei gani. Hapo gharama inaruka, kwa sababu unahitaji ringi mpya ya kukalia sili au stabu nzima, na stabu iliyotumika lakini nzima ni ununuzi halali kabisa. Vivyo hivyo kwa habu: kikombe kikiwa kimezunguka ndani yake na kupanua tundu, kikombe kipya kitaingia kwa kidole bila kugongwa. Usikubali kibandikwe kwa gundi wala tundu lipigwe patasi ili libane. Tafuta habu iliyotumika yenye tundu zuri, ufunge beringi mpya ndani yake.

Breki nazo ziangaliwe palepale. Kwa magari yenye dramu nyuma, sili ikiwa imevuja, breki shuu zimenyonya oili, na kuziosha kwa petroli kunasaidia siku mbili tatu tu. Shuu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Hii inaweza kuongeza bili kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo uliza mapema fundi akishatoa dramu. Kwa magari yenye diski, kalipa inaweza kufunguliwa na kuning'inizwa kwa waya bila kukata bomba la breki. Fundi akikata bomba bila sababu, atakudai mafuta ya breki na kazi ya kutoa hewa.

Kuna vidogovidogo vingine: oili ya difu ya kujazia iliyomwagika hafu shafti ilipotolewa, matambara na petroli ya kusafishia, usafiri wa kufuata spea iliyosahaulika. Kama uko Sumbawanga, Songea au Kigoma na spea inatoka Dar es Salaam kwa basi, kuna nauli ya kifurushi, na boksi likija na namba isiyo yako, nauli ya kurudisha ni yako pia. Mwombe muuzaji akutumie picha ya maandishi ya kwenye chuma kabla hajafunga mzigo.

Kuagiza Uingereza kwa magurudumu mawili hakulipi. Bei ya kule kwa beringi inaweza kukuvutia, lakini kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT na ada ya wakala, na gari linasubiri muda wote huo. Inakuwa na maana pale ambapo watu kadhaa mnachanga na kuagiza beringi, sili na gasketi za magari kadhaa kwa mzigo mmoja. Arusha, ambako Land Rover za utalii bado zipo kwa wingi, na ambako Oktoba 2024 wenye magari hayo walijaza mji kwenye tamasha lao, kupata wenzako wa kuchanga nao si kazi ngumu.

Suala la fundi na cha juu tuliseme wazi. Ukimpa fundi pesa akanunue spea, yapo maduka yanayomwekea chake ndani ya bei yako. Simlaumu sana, maana watu wengi wanambana kwenye malipo ya kazi, naye anatafuta riziki pengine. Dawa yake ni kugeuza mpango: mwenyewe piga simu maduka mawili au matatu na namba mkononi, nunua mwenyewe, kisha mlipe fundi kazi yake kwa haki bila kumkaba. Mwambie mapema, "Spea naleta mimi, kazi ni kiasi gani?" Atataja bei ya juu kidogo kuliko angetaja vinginevyo. Ikubali. Bado utabaki na akiba, na beringi utakuwa unaijua.

Gereji kubwa yenye ofisi itakudai zaidi ya fundi wa chini ya mwembe, na kwa kazi hii ukubwa wa gereji haunisumbui. Ninachoangalia ni vitu vitatu. Ana spana boksi ya milimita 52, au anazungusha nati kwa patasi na nyundo? Patasi huharibu nati na haiwezi kukupa kipimo chochote cha kukaza. Kikombe kipya anakigonga kwa fimbo ya shaba au kwa kikombe cha zamani kama kisukumio, au anakipiga nyundo moja kwa moja? Na grisi anaipakaje? Mtazame anapoipaka. Fundi mzuri anaweka bonge la grisi kwenye kiganja, anashika koni, anaibana grisi kupitia upande mpana mpaka ionekane ikitokea upande mwembamba kati ya konzi, anazungusha kidogo, anarudia duara nzima. Anayepaka juujuu na kufunga, ndani kumebaki kukavu.

Grisi yenyewe iwe ya lithiamu ya beringi za magurudumu, inayostahimili joto, ugumu namba 2. Usichanganye aina mbili; safisha ya zamani yote kwanza. Rangi haisemi kitu, kwa hiyo usilipie zaidi kwa sababu ni nyekundu au ya bluu. Kopo la nusu kilo linatosha kazi hii na kubaki, na hakuna haja ya kununua ndoo.

Kama una mikono na muda, kazi hii inafanyika nyumbani. Kwenye Defender hafu shafti hutoka kwa kufungua boliti tano za flanji, na baada ya nati mbili habu inakuja mkononi. Spana boksi ya 52 ni bomba la chuma lililochongwa, si kifaa cha gharama, na ukishainunua itatumika kwa magurudumu yote manne maisha ya gari. Matoleo ya baadaye ya Defender yana spesa na nati moja ya kubonyezwa ambayo hutumika mara moja tu na hukazwa kwa nguvu kubwa. Hayo yanataka toki renchi, na kama huna wala huna wa kumwazima, mpe fundi.

Wenye Hilux za zamani, Prado au Suzuki ndogo, hesabu yenu ni tofauti. Kwenye magari hayo beringi ya nyuma hushindiliwa kwenye hafu shafti yenyewe, na ndiyo inayoizuia shafti isitoke. Ikifa kabisa, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na shafti, kwa hiyo msicheze na muda. Kuitoa na kuiweka kunahitaji presi. Gharama yenu iliyofichwa ni ada ya presi na ringi ya kuizuia, ambayo lazima iwe mpya kila mara. Fundi akisema ataishindilia kwa nyundo na bomba, chukua shafti yako uende kwenye karakana yenye presi, hata ikibidi kulipa bodaboda. Kwenu pia kuna njia ambayo wa Defender hawaihitaji: wapo wauzaji wanaotoa shafti iliyotumika lakini imefungwa beringi mpya tayari. Ukiwa njiani ni jibu zuri, ukisoma kwanza namba ya beringi waliyofunga. Land Cruiser za pikapu za mfululizo wa 70 zenye ekseli nzito ziko karibu na Defender kwa mpangilio, ila namba za beringi ni nyingine.

Swali la mwisho ambalo kila mtu huuliza: upande mmoja au pande zote mbili? Gereji nyingi zitakwambia zote mbili. Kwa mwenye pesa kidogo, si lazima. Badilisha beringi mbili za gurudumu lililokufa, ya ndani na ya nje kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima, kwa sababu vipande vya chuma vya iliyokufa vimeshasafiri ndani ya grisi. Upande wa pili fungua, osha, tazama konzi na vikombe kwenye mwanga. Vikiwa laini, vya rangi moja, bila vishimo wala mstari wa bluu wa joto, paka grisi mpya, weka sili mpya, washa mpya, rekebisha na ufunge. Ukitaka kununua nne, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama atakubali umrudishie mbili ambazo maboksi yake hayajafunguliwa. Wapo wanaokubali siku hiyohiyo ukiwa na risiti, na hilo linakupa uhuru wa kuamua baada ya kuona.

Kazi ikiisha, endesha kilomita ishirini, simama, gusa habu zote mbili za nyuma kwa uangalifu. Vuguvugu ni sawa, na ziwe karibu sawa kwa joto. Moja ikiwa ya kuunguza, imekazwa kupita kiasi au breki inashika. Rudi kwa fundi siku hiyohiyo. Mkubaliane kabla hujamlipa kwamba ukaguzi huu na kurekebisha nati baada ya wiki moja ni sehemu ya kazi ileile.

Kama leo una pesa ya vitu vichache tu, nunua kwa mpangilio huu: beringi mbili za kiwanda kinachojulikana, sili mbili, washa na gasketi za pande zote mbili, kopo la grisi. Breki shuu zikiwa zimelowa, ziongeze kabla gari halijarudi barabarani. Na kama gurudumu tayari linacheza na kukwaruza, usiendeshe mpaka mjini ili kuokoa nauli ya fundi. Mlete fundi pale gari lilipo: nauli yake ni ndogo kuliko bei ya stabu.